Nani Aliyeshika Ghala? Mjadala juu ya riwaya ya wanawake wa ngomeni Kalenga

Tuseme yupo mwandishi, Iringa au Mbeya, anayetaka kuandika riwaya ya wanawake waliokuwa ndani ya boma la Kalenga kabla Wajerumani hawajalivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, anawaachia wengine. M. M. Mulokozi alikwisha kumpandisha jukwaani katika Mukwava wa Uhehe, na fuvu lake, lililorudishwa na Gavana Edward Twining mwaka 1954, limejengewa nyumba palepale kijijini. Huyu wetu anawataka wake, mateka, wajakazi, mabinti waliowekwa rehani na wajane waliorithiwa. Anajua pia kuwa wasomaji wake wameshaonja hadithi za namna hiyo kutoka mbali. Tamthilia za Kichina zilipiga hodi majumbani mwetu mwaka 2011, TBC ilipoonyesha kwa Kiswahili mikasa ya Mao Doudou na mama wakwe zake, na siku hizi wapo wanaokesha na zile za kasri, ambamo masuria wa mfalme wanawekeana sumu huku wakitabasamu. Swali lake ni moja: ugomvi wa wanawake auweke wapi katika kitabu? Jibu langu nitalitetea mbele ya sauti nne nilizozibuni, za watu wasiokosekana katika kikao cha aina hii: Mzee anayelinda jina la ukoo, Binti mpenzi wa tamthilia, Mwalimu wa historia, na Bibi asiyependa kusemewa.

Jibu lenyewe ni kwamba ugomvi auandike, tena bila haya, ila kwanza aandike ghala. Aonyeshe ni kitu gani kilikuwa haba ndani ya nyumba ile na ni nani aliyekigawa. Tuanze na Wachina wenyewe, maana ndio wanaosifiwa kuwa mafundi wa hadithi za fitina. Katika riwaya ya Cao Xueqin ya karne ya 18, ile ya Ndoto ya Chumba Chekundu, yumo Wang Xifeng, mke hodari anayegundua kwamba mumewe ameoa kwa siri mke mdogo, You Erjie. Anamfuata kwa maneno ya asali, anamleta nyumbani kama ndugu, kisha anambana kidogo kidogo mpaka mwanamke yule anajiua. Msomaji mwenye haraka ataona roho mbaya tu. Lakini kabla ya kufika hapo Cao ametumia sura nyingi kutuonyesha kwamba Xifeng ndiye anayeshika funguo na hesabu za nyumba kubwa inayoelekea kufilisika, kwamba ana binti tu, hana mtoto wa kiume, na kwamba mke mdogo akizaa mwana, funguo zile hazina hakika ya kubaki kiunoni mwake. Zhang Yimou naye, alipoigeuza hadithi ya Su Tong kuwa filamu mwaka 1991, alizifanya taa nyekundu kuwa sheria ya nyumba: mke atakayelala na bwana usiku huo ndiye anayewashiwa taa, anayekandwa miguu, anayechagua chakula cha kesho yake. Wake wanne wanatafunana kwa ajili ya taa hizo, na uso wa bwana, filamu nzima, hatuuoni sawasawa. Huo ni uamuzi wa fundi anayejua kwamba anayegawa hana haja ya kugombana na mtu.

Mzee: Mwanangu, Kalenga haikuwa kasri ya Wachina. Wanawake wetu walishika jembe, hawakukaa kusubiri taa. Mateka walioletwa walipewa mashamba, wakaolewa, wakazaa, na watoto wao ni Wahehe kamili, hakuna awezaye kuwanyooshea kidole. Sasa wewe unataka kutuvua nguo mbele ya wageni kwa jambo ambalo babu zetu walilimaliza kwa busara?

Mzee ana haki kwa sehemu kubwa kuliko wanavyopenda kukubali wale wanaochukua picha ya utumwa wa Pwani na kuibandika kila mahali. Dola ya Wahehe ilijengwa kwa kuwameza watu. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyefariki karibu na mwaka 1879, alikuwa ameziunganisha nchi ndogondogo nyingi chini ya mkuki mmoja, na walioshindwa hawakuwekwa kando milele. Mwambambe, aliyekaribia kumnyang'anya Mkwawa utawala baada ya kifo cha mzee huyo, anasimuliwa kuwa mtu wa kuja, aliyepanda kutoka chini mpaka akawa mkwe wa mtwa, yaani mtawala. Hata chimbuko la ukoo unaotawala lina mgeni na mwanamke aliyeachwa: mwindaji Mufwimi alipita, Semduda binti wa mwenyeji akabaki na mimba, na mtoto wao Muyinga ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzo wa watawala. Kwa hiyo sipingi kwamba mgeni aliweza kuwa mwenyeji. Ninachouliza ni kwa njia ipi. Mwanamume mateka angeweza kupanda kwa mkuki wake, vitani, hadharani, mbele ya mashahidi. Mwanamke mateka alikuwa na njia moja tu, nayo ilipita katika nyumba ya mwanamume mmoja na ikategemea tumbo lake mwenyewe.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo jembe linaificha. Mke aliyetolewa mahari alikuwa na watu nyuma yake. Akipigwa kupita kiasi, kaka zake wangekuja kuuliza. Akirudi kwao, ng'ombe wangelazimika kuzungumziwa, na mume hana hamu ya mazungumzo hayo. Mke aliyeletwa kutoka vitani hakuwa na mtu wa kuuliza. Wote wawili wanalima shamba lilelile, wanapika ugali uleule, watoto wao wanaitwa kwa jina moja la ukoo, lakini mmoja yumo nyumbani kwa haki na mwingine kwa hisani. Hisani hupunguzwa siku yoyote, bila kikao. Mwandishi akilishika hilo hahitaji kubuni sumu wala kasri. Inamtosha mwaka wa njaa, ghala lenye mtama wa kutosha nusu ya watu, na mume anayeingia kwa mke mmoja akampita mwingine. Busara ya mababu anayoitaja Mzee ilikuwapo kweli; tatizo ni kwamba yule aliyekuwa akiihitaji zaidi hakuweza kuidai.

Ushahidi ulio karibu zaidi hautoki Kalenga, unatoka Utengule ya Usafwa, upande wa Mbeya, ambako Merere wa Wasangu alijenga boma baada ya kusukumwa na Wahehe, na ambako Wamoraviani walifungua misheni mwaka 1895. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliyekuja kuandika kitabu cha majuzuu matatu juu ya Wasafwa, aliandika pia maisha ya wanawake walioishia kwenye misheni ile baada ya misukosuko ya miaka ya vita na biashara ya watumwa. Mwanahistoria Marcia Wright alizirudisha simulizi hizo mbele ya wasomaji katika kitabu chake cha mwaka 1993. Yumo humo Narwimba. Mumewe, Sambi, alipofariki, mjane huyu hakukaa kungoja wanaume wamjadili. Alikwenda mwenyewe kwa mpwa wa marehemu, Mirambo (siye yule mtemi wa Urambo), akamwomba amrithi, ili yeye na watoto wake wapate mtu wa kuwalinda. Itazame hatua ile kwa jicho la mwandishi. Kuna mjane anayejiombea ndoa. Kuna mpwa mwenye nyumba yake, na kila anayemtegemea humo ataona sahani ikiongezeka mezani bila mtama kuongezeka ghalani. Hakuna hata mmoja mwenye roho mbaya, na bado ugomvi umekwisha kuingia mlangoni. Ulinzi wenyewe, kwa masikitiko ya bibi huyo, haukuwa wa kudumu.

Mwingine ni Bwanikwa, Mluba wa Kongo, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell. Baba yake alikuwa na wake wengi. Mke mkubwa alipokufa, wakwe walidai fidia ya kifo, watumwa watatu, na mzee yule alikuwa hana idadi kamili. Pengo likazibwa kwa Bwanikwa, binti yake wa kumzaa. Baada ya hapo akauzwa na kuuzwa tena. Campbell anahesabu mara kumi. Mimi naona tukio lile la kwanza lina riwaya nzima ndani yake. Nyumba ya wake wengi ni nyumba ya madeni mengi, kwa sababu kila mke ameunganishwa na ukoo unaoweza kudai, na deni likiiva hulipwa kwa mtoto wa yule asiye na sauti. Mwanamke anayepigania binti yake asiwe yeye wa kulipia, huku akijua kwamba asipokuwa wake atakuwa wa mwenzake, tutamwita mwenye wivu? Ndivyo anavyoitwa katika hadithi nyingi, za kwetu na za Wachina.

Binti: Shikamoo mwandishi. Nimekusikia, lakini naona unawamaliza hawa bibi zetu. Kila kitu ni ghala, kila kitu ni deni, wao wanasukumwa tu. Mimi napenda tamthilia za kasri kwa sababu wanawake wale wana akili kuliko majenerali. Wanapanga, wanadanganya, wanashinda. Na wengine ni wabaya kweli, wabaya kwa kupenda. Ukiwaondolea ubaya wao umewaondolea na utu.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki kuikwepa. Ni kweli kwamba riwaya inayomweleza kila mtu kwa sababu za nje huishia kuwa ripoti. Tena kuna waandishi wema sana ambao, kwa kuogopa kuwatukana wanawake, huwafanya wote watakatifu wanaoteswa. Kitabu cha namna hiyo humalizwa na mwalimu na wanafunzi wanaotahiniwa, basi. Lakini akili anayoisifu Binti haionekani mpaka tujue ilikuwa ikishindania nini. Mfano bora tunao Unguja. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alikuwa mtoto wa suria, Jilfidan, Mcherkesi aliyenunuliwa akiwa mdogo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaeleza jinsi masuria Wacherkesi na Wahabeshi walivyotazamana kwa chuki, na jinsi watoto wenye asili ya Kicherkesi walivyodhihakiwa kuwa ni paka kwa sababu ya macho ya buluu ya baadhi yao. Anaeleza pia habari za Azza binti Seif, mke pekee wa ndoa, aliyetawala nyumba bila kuwa na mtoto. Ukisoma haraka utadhani umerudi China. Ila iweke sheria ya Kiislamu mezani: suria aliyemzalia bwana mtoto hakuweza tena kuuzwa, bwana akifa anakuwa huru, na mwanawe ni mtoto halali mwenye kurithi. Asiyezaa hakuwa na kinga hiyo. Kwa hiyo kitanda kilikuwa mahakama, na kila aliyeitwa usiku alikuwa anasikilizwa kesi yake. Na tazama mchezo ulivyopanuka baada ya baba yake, Sultani Sayyid Said, kufariki mwaka 1856. Mwaka 1859 Salme, pamoja na dada zake wa baba mmoja Khole na Meje, wakawa upande wa kaka yao Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa Sultani. Salme, aliyejifundisha kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa karani wa njama. Uadui wa nyumbani na siasa ya dola vilikuwa kitu kimoja. Binti anaona akili ya majenerali, nami namuunga mkono. Ninachoongeza ni kwamba majenerali huwa na ramani, na ramani hiyo lazima iwemo kitabuni. Ubaya wa kupenda nao uwemo. Mwanamke aliyeonewa miaka ishirini akipewa kijakazi wa kumwonea, mara nyingi atamwonea, na kuna atakayefanya hivyo kwa furaha. Asifichwe.

Mwalimu: Mimi tatizo langu liko kwenye vyanzo. Simulizi hizo za Utengule zimepita mikononi mwa wamisionari. Kila bibi anaanzia gizani na kumalizia kanisani. Salme naye aliandika akiwa Ujerumani, kwa Wajerumani. Na kwa Kalenga penyewe, wanawake wenyewe hawakuacha maandishi. Yaliyoandikwa Iringa mapema kwa mkono wa mwanamke ni ya Magdalene von Prince, mke wa mmoja wa maofisa walioivunja ngome. Utajengaje juu ya mchanga huo?

Vyanzo vina mwelekeo, hilo halina ubishi. Lakini mwelekeo hujulikana, na msomaji makini huutumia. Mmisionari alitaka kuonyesha kwamba Injili ilimfungua mwanamke. Basi yale yasiyosaidia hubiri lake ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Bwanikwa alijikomboa kwa bunduki, aliyoitafuta mwenyewe na kumpa mumewe kama bei yake. Hapo hubiri linakwama, kwa sababu aliyekuwa akimmiliki mwishoni hakuwa Mwarabu mwenye minyororo, alikuwa ni mume. Riwaya ina kazi inayoiweza mahali kama hapo, ambayo historia haiiwezi: kukaa ndani ya nyumba ile jioni bunduki ilipokabidhiwa. Abdulrazak Gurnah amefanya kazi ya aina hiyo katika Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi. Yusuf anachukuliwa na tajiri mmoja kwa deni la baba yake bila kuelezwa. Amina ni mke wa tajiri yuleyule kwa njia ya deni vilevile. Na Bibi mwenye nyumba, mwenye mali na ugonjwa, amefungiwa pamoja nao nyuma ya ukuta wa bustani. Gurnah hahitaji kuwagombanisha wanawake wawili wale ili tuone kwamba bustani nzuri ni rehani. Daftari la tajiri limekwisha kusema. Mwandishi wetu wa Kalenga akijifunza nidhamu hiyo, uchache wa maandishi hautamwangusha. Atabuni maneno yao, hatabuni masharti waliyoishi chini yake.

Bibi: Mnasema sana ninyi. Mbona hakuna aliyetaja kwamba tulipendana pia? Mke mwenza ndiye aliyekuwa mkunga wako. Ukifa na uzazi, ndiye anayemnyonyesha mwanao. Hata vita vilipokuja, wanawake walikimbia pamoja.

Amesema kweli, na riwaya isiyokuwa na hilo itakuwa nusu. Naona, hata hivyo, kwamba upendo ule nao ulikuwa na mahali pake pa kuotea. Wanawake walishikamana pale ambapo kushikamana hakukumpunguzia mmoja fungu lake: kwenye uzazi, kwenye kulima kwa zamu, porini wakati wa kukimbia ambapo ghala limeungua na mgawaji hayupo. Ukibadilisha mgao, hata ugomvi hubadilika sura. Mombasa, katika karne ya 20, vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyochunguzwa na Margaret Strobel, kama Ibinal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa nyimbo, sare na karamu, na ndani ya ngoma hizo walikuwamo wazao wa watumwa na wazao wa waungwana. Maneno yalikuwa makali, mali ilitapanywa, lakini mtu hakuuzwa. Ushindani wa wanawake peke yake haukuwa laana. Ulikuwa laana pale kushindwa kulipomaanisha binti yako ndiye atakayekwenda kulipa.

Mwalimu anarudi na swali la kiufundi ambalo kwangu ni la maana kuliko linavyoonekana: riwaya hii ianzie wapi na iishie wapi? Ya wanaume ina tarehe zake. Inaanza na ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani huko Lugalo, Agosti 1891, inaporomoka na Kalenga mwaka 1894, inakwisha na risasi ambayo Mkwawa alijiua nayo Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Ya wanawake haiwezi kuishia hapo. Boma lilipoanguka, wanawake walikuwa sehemu ya nyara, na askari wa Kijerumani, waliotoka Sudani na kwingineko, walijipatia wake na watumishi kutoka kwa mateka wa vita vya namna hiyo. Mwanamke aliyeletwa Kalenga akiwa mateka wa Wahehe angeweza kutoka akiwa mateka wa askari, akaanza upya kutafuta hisani katika nyumba nyingine, miongoni mwa wanawake wengine wasiojua lugha yake. Serikali ya Kijerumani haikupiga marufuku utumwa; kwa amri ya Desemba 1904 ilitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na mama zao wakabaki walivyo mpaka sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Unguja, amri ya mwaka 1897 iliwaacha nje masuria kwa hoja kwamba wao ni kama wake, wakangoja hadi 1909. Hizo ndizo tarehe za mwandishi wetu. Fikiria nyumba moja mwaka 1906, yenye mtoto mchanga aliye huru, kaka yake mkubwa asiye huru, na mama yao anayewanyonyesha na kuwalisha wote wawili huku mke mwenye mahari akitazama.

Mzee: Na majina? Maana hapa kila mtu ana bibi ambaye haulizwi alitoka wapi.

Majina yabuniwe yote, Mzee. Koo zilinyamaza kwa sababu njema, ili mjukuu asije kutukanwa siku ya kugawa shamba, na hakuna mwandishi mwenye ruhusa ya kuuvunja ukimya huo kwa kumtaja mtu. Anachoruhusiwa ni kumweka ndani ya boma mwanamke ambaye si bibi wa yeyote, ampe jembe, mtoto, mwenzake wa kugombana naye na wa kukimbia naye, kisha amwache aombe mtama kwa yule mwenye ghala.